Sindano, Kijiti, Lupu au Vidonge: Kuchagua Njia ya Uzazi wa Mpango kwa Kuangalia Damu Kwanza

Bango la uzazi wa mpango linalobandikwa katika kliniki za mama na mtoto hupanga njia kwa uwezo wake wa kuzuia mimba: juu kabisa huwekwa vijiti, lupu na kufunga kizazi, katikati sindano na vidonge, na chini kondomu, shanga za kuhesabia siku na kumwaga nje. Mpangilio huo ni sahihi, nami nimeutumia miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi na ukunga. Lakini kadiri nilivyozidi kuwapokea akina mama waliorudi kuniomba niwatoe kijiti, au waliochoma sindano moja wasionekane tena, ndivyo nilivyotambua kwamba wengi wao hawaiachi njia kwa kuwa imeshindwa kuzuia mimba. Wanaiacha kwa ajili ya damu. Imezidi, au imekatika, au leo inatoka na kesho haitoki, na hakuna aliyewaeleza mapema kwamba ingekuwa hivyo. Kwa sababu hiyo nitaanza na jambo ambalo bango haliliweki mbele, yaani kila njia itaifanya nini hedhi yako, kisha ndipo nitakapoingia katika uzito, kurudi kwa uwezo wa kuzaa, na maradhi yanayomkataza mtu kutumia njia fulani.

Namkumbuka mama mmoja aliyenijia mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya Ramadhani kuandama, akiwa na kijiti alichowekewa mahali pengine miezi 7 nyuma. Aliketi, akakunjua karatasi ya kalenda iliyojaa alama za kalamu nyekundu, akaiweka juu ya meza yangu. "Nesi, mwezi huu nimehesabu siku kumi na tisa. Si damu ya kuloanisha nguo, ni matone tu, lakini sijui niswali au nisiswali, na huko mbele sijui nifunge au nile." Kipimo cha damu yake kilikuwa kizuri, mimba hakuwa nayo, na kijiti kilikuwa mahali pake. Kwa macho ya daktari hakuwa na tatizo lolote. Hukumu ya damu ya istihadha, yaani inayotoka nje ya hedhi, ina wajuzi wake, nikamshauri amwendee mwalimu wake wa dini, lakini kosa la upande wetu nililiona wazi: mtu aliyemwekea kijiti alimwambia kuhusu miaka 3 ya kutopata mimba na hakumwambia lolote kuhusu matone.

Damu nyingi yenye tarehe, au damu kidogo isiyo na tarehe

Lupu ya shaba, ambayo wengine huiita kitanzi na ambayo Kenya inajulikana zaidi kama koili, ni kipande kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa waya wa shaba, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Haina homoni hata chembe. Shaba huzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai, na kwa hiyo mwenye lupu huendelea kupevusha yai kila mwezi na kuona siku zake kwa tarehe alizozizoea. Aina inayotumika zaidi, T 380A, hufanya kazi kwa miaka 10 na zaidi, na katika wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka mmoja, wanaopata mimba kwa wastani hawafiki hata mmoja. Kinachobadilika ni wingi wa damu. Kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi huwa nzito, huongezeka siku, na tumbo hunyonga kuliko ilivyokuwa zamani. Kisha kwa wengi hali hutulia, ingawa wapo ambao kwao haitulii. Mwanamke ambaye tangu usichana wake hedhi humlaza kitandani, au ambaye ana upungufu wa damu mwilini, sipendi kumwanzishia lupu ya shaba kabla hatujazungumza vya kutosha.

Lupu ina mambo mengine mawili ya kujua. Inaweza kuchomoka yenyewe, hasa katika mwaka wa kwanza, ndiyo maana mwanamke hufundishwa kupapasa nyuzi zake baada ya hedhi. Na mara chache sana, takriban mara 1 katika kuwekwa mara 1,000, inaweza kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi wakati wa kuwekwa. Hofu kwamba lupu inaozesha kizazi ina historia yake: katika miaka ya 1970 kulikuwa na lupu ya Marekani iliyoitwa Dalkon Shield, ambayo uzi wake wa kusokotwa ulipandisha vijidudu hadi ndani, wanawake wengi wakaumia, na uuzaji wake nchini humo ukasimamishwa mwaka 1974. Lupu za leo zina uzi wa aina nyingine usiofyonza majimaji. Maambukizi yanayoweza kutokea huwa zaidi katika siku 20 za mwanzo, na kwa kawaida hutokana na ugonjwa wa zinaa aliokuwa nao mtu siku ya kuwekwa.

Kijiti ni kinyume cha lupu karibu katika kila jambo, isipokuwa uimara. Implanon NXT ni kimoja na hukaa miaka 3. Jadelle ni viwili na hukaa miaka 5. Huwekwa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani juu ya kiwiko, baada ya ganzi, na kazi yote huchukua dakika chache. Ukipitisha kidole unakihisi kama kijiti cha kiberiti kilichofichwa. Hutoa kidogo kidogo homoni iitwayo projestini, ambayo huzuia yai lisitoke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Hakuna njia ya kutumia kwa muda inayokizidi: katika wanawake 1,000, takriban mmoja tu hupata mimba kwa mwaka. Na Utafiti wa Afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta ndiyo njia ya kisasa inayotumiwa zaidi na wanawake walio katika ndoa.

Sasa damu yake. Kiasi cha mwanamke mmoja kati ya watano wenye Implanon hedhi hukatika, wengine wengi huona mara chache kuliko zamani, lakini mmoja hivi kati ya watano hutokwa damu au matone kwa siku nyingi mfululizo. Kwa ujumla damu hupungua, ila tarehe hupotea. Miezi 3 ya mwanzo huonyesha njia: ambaye damu yake imekaa vizuri katika miezi hiyo kwa kawaida huendelea vizuri, na ambaye imemsumbua ana nafasi kama nusu kwa nusu ya kutulia baadaye. Si lazima avumilie kimya. Mtoa huduma anaweza kumpa ibuprofeni kwa siku 5, au vidonge mchanganyiko, vile vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kwa siku 21 kama hana kizuizi cha kuvitumia, na mara nyingi matone hupungua, ingawa kwa baadhi hurudi dawa ikiisha. Maudhi mengine ni kuumwa kichwa, chunusi, matiti kujaa na kuuma, na kwa wengine moyo kuwa mzito bila sababu.

Mama wa kalenda nilimweleza haya yote. Alisikiliza, akauliza mara mbili kama lupu ingemrudishia tarehe zake, kisha akasema bora damu nyingi anayoijua siku yake ya kuja na siku yake ya kuondoka. Mwenzake mwenye hedhi nzito na kazi ya kusimama sokoni tangu alfajiri angechagua kinyume, na angekuwa sahihi vilevile.

Ipo njia ya kati, lupu yenye homoni, ambayo jina lake linalojulikana zaidi ni Mirena. Hukaa mahali palepale pa lupu ya shaba, lakini badala ya shaba hutoa projestini ndani ya mfuko wa uzazi, ukuta wake ukabaki mwembamba na hedhi ikapungua sana. Madaktari huitumia hata kama tiba ya hedhi iliyozidi. Miezi ya mwanzo ina matone, kisha wengi huona kidogo au hawaoni kabisa. Kikwazo chake kwetu ni upatikanaji, kwa sababu si kila kituo kinacho na katika hospitali binafsi bei yake ni kubwa. Ingekuwa katika kila rafu ya zahanati, ningeipendekeza mara nyingi zaidi ya njia yoyote nyingine.

Sindano: damu inapokatika

Depo-Provera huchomwa kila baada ya miezi 3, na ndiyo inayotuletea swali linalorudi kila wiki: damu yangu inakwenda wapi? Miezi ya mwanzo sindano nayo huleta matone yasiyo na mpango, lakini baada ya mwaka mmoja wa kuchoma, karibu nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa. Mtaani husemwa kwamba damu chafu inajaa tumboni na mwisho italeta uvimbe. Hakuna damu inayojaa. Hedhi ni ule utandu unaojengeka kila mwezi katika ukuta wa mfuko wa uzazi, ukabomoka yai lisiporutubishwa. Sindano huzuia utandu huo usijengeke, na kisichojengeka hakina cha kubomoka. Kwa mwenye upungufu wa damu au mwenye selimundu, kukatika huko ni faida, kwa kuwa mwili unaacha kupoteza damu kila mwezi.

Maudhi ambayo kwa upande wangu nayapa uzito katika sindano ni matatu. La kwanza ni unene: kwa wastani mwanamke huongezeka kilo 1 hadi 2 kwa mwaka, lakini wastani huficha watu, kwani wapo wasioongezeka na wapo wanaopanda haraka katika miezi 6 ya kwanza, na hao wa pili ndio wanaopaswa kufikiria njia nyingine mapema. La pili ni kuchelewa kushika mimba. Ukitoa kijiti au lupu, au ukiacha vidonge, uwezo wa kuzaa hurudi upesi, wakati mwingine mwezi uleule. Ukiacha sindano, dawa iliyobaki mwilini huisha taratibu, na kwa wastani inachukua miezi 9 hadi 10 tangu sindano ya mwisho, wengine wakapitisha mwaka. Hiyo si ugumba, lakini kwa binti aliyeolewa karibuni, ambaye mama mkwe ameanza kuuliza, miezi hiyo ni mirefu mno, na simshauri achome sindano mtu anayekusudia kubeba mimba ndani ya mwaka mmoja. La tatu ni mifupa, ambayo hupungua uzito wakati wa matumizi na kurejea baada ya kuacha. Kwa walio chini ya miaka 18 na walio zaidi ya 45 jambo hili lijadiliwe kwanza.

Kwa miaka mingi kulikuwa na wasiwasi kwamba sindano hii huongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, ukahusisha wanawake 7,829 waliogawanywa kati ya sindano, kijiti na lupu ya shaba, ulitoa matokeo mwaka 2019 na haukuona tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Kilichowaumiza wengi waliousoma ni kwamba katika makundi yote matatu maambukizi mapya yalikuwa mengi, karibu 4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Hakuna njia hata moja kati ya hizo inayokinga VVU. Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa nao ulionyesha uhusiano kati ya kuchoma sindano hii kwa zaidi ya mwaka na uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Uvimbe huo ni nadra, na kwa mtu mmoja mmoja hatari inabaki ndogo, lakini aliyewahi kuwa nao asichome, na anayechoma kwa miaka mingi akianza kuumwa kichwa kusikoisha au kupungukiwa na uwezo wa kuona aende hospitali.

Kwa uimara, sindano iko chini ya kijiti kwa sababu moja tu, nayo ni kusahau tarehe: wanaopata mimba ni takriban 4 kati ya 100 kwa mwaka, lakini kwa anayerudi kwa wakati ni pungufu sana ya hapo. Ukichelewa, usikae nyumbani kwa aibu. Hadi wiki 4 baada ya tarehe unaweza kuchomwa bila kuanza upya. Uganda wanawake wengi sasa hufundishwa kujidunga wenyewe Sayana Press, ambayo ni dawa ileile katika kifuko kidogo chenye sindano fupi, na jambo hilo limewapunguzia safari za kliniki walio mbali.

Vidonge

Vidonge mchanganyiko, vyenye homoni za estrojeni na projestini, ndivyo pekee katika orodha hii vinavyokupa hedhi ndogo na yenye tarehe kwa pamoja. Paketi ya kawaida ina vidonge 21 vya dawa na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma, na damu huja unapokuwa katika hivyo 7. Maumivu ya hedhi hupungua, chunusi kwa wengi hupungua, na saratani ya mayai na ya ukuta wa mfuko wa uzazi huwapata watumiaji kwa uchache zaidi. Kichefuchefu na matone ya miezi 2 au 3 ya mwanzo kwa kawaida huisha, na kumeza usiku baada ya chakula husaidia.

Ugumu wake ni kila siku. Anayemeza bila kukosa karibu hapati mimba, lakini katika maisha ya kawaida, yenye safari, misiba na paketi iliyoisha Jumapili, takriban wanawake 7 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Na estrojeni ina madhara yanayostahili kuogopwa kwa akili: damu kuganda katika mishipa ya mguu au mapafu huwapata watumiaji 5 hadi 12 kati ya 10,000 kwa mwaka, ukilinganisha na 2 kati ya 10,000 wasiotumia na wasio na mimba. Ujauzito na siku za baada ya kujifungua huleta hatari kubwa zaidi ya hiyo, lakini hilo halimsaidii mwanamke ambaye tayari ana kisababishi kingine. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu kuanzia 140/90, mwenye umri wa miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimweko au kufa ganzi upande mmoja, na aliyewahi kuganda damu wasivitumie. Nasisitiza kupimwa shinikizo la damu kwa sababu vidonge hivi huuzwa duka la dawa bila mtu kuvaa mkanda wa kipimo, na kuna wanawake wanaovimeza kwa miaka bila kujua shinikizo lao.

Anayenyonyesha asubiri miezi 6 kabla ya vidonge mchanganyiko, kwa kuwa estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Kwake kuna vidonge vya projestini peke yake, ambavyo humezwa saa ileile kila siku. Kijiti, ambacho anaweza kuwekewa hata kabla ya kutoka wodini. Lupu, ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au baada ya wiki 4. Na sindano, kuanzia wiki ya 6. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba vizuri kwa miezi 6, mradi mtoto hapewi kitu kingine, anyonye mchana na usiku, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka.

Dawa nyingine unazotumia

Hapa ndipo wengi hawaulizwi. Rifampisini ya kifua kikuu, na kabamazepini na fenitoini za kifafa, hulifanya ini liziharakishe homoni kutoka mwilini, hivyo vidonge hudhoofika na kijiti kinaweza kudhoofika pia. Sindano ya Depo-Provera na lupu haziathiriki. Efavirenzi, iliyotumika sana katika dawa za kufubaza VVU, ilikuwa na tabia hiyo hiyo: utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wenye vijiti waliotumia efavirenzi wakipata mimba karibu mara 3 ya waliotumia nevirapini, dawa nyingine ya VVU, ingawa hata hivyo walipata mimba kwa uchache kuliko watumiaji wa njia nyingine nyingi. Dolutegravia inayotolewa sasa haina tatizo hilo. Mwambie mtoa huduma dawa zako zote, hata zile ambazo hungependa jirani azijue.

Kwa anayelazimika kutumia njia kwa siri, sindano haiachi alama, lupu haionekani, na nyuzi zake zikihisiwa na mwenzi zinaweza kukatwa fupi zaidi, na kijiti kinaweza kuhisiwa na mkono wa mwingine. Si ushauri ninaoutoa kwa furaha, lakini wanaouhitaji ni wengi.

Kondomu huruhusu mimba kwa takriban wanawake 13 kati ya 100 kwa mwaka katika matumizi ya kawaida, na hata hivyo ndiyo pekee inayokinga VVU na magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo naiona kuwa nyongeza ya njia nyingine kuliko mbadala wake. P2, dawa ya kumeza baada ya tendo, ni ya dharura, ndani ya saa 72 na mapema iwezekanavyo. Huvuruga hedhi inayofuata, na anayeimeza kila wiki anapata maudhi mengi kwa kinga ndogo. Lupu ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo huzuia mimba vizuri kuliko P2. Kufunga kizazi kwa mwanamke na vasektomi kwa mwanamume hazigusi homoni wala hamu, wala hazibadilishi hedhi. Vasektomi ndiyo nyepesi na salama zaidi ya hizo mbili, huhitaji miezi 3 kabla ya kutegemewa, na haimhasi mtu, kwani korodani hubaki na kazi yake. Zote mbili zihesabiwe kuwa za kudumu.

Kabla ya kukubali kijiti au lupu, uliza nani atakitoa ukitaka kitolewe, na katika kituo kipi, maana kijiti ni rahisi kuweka kuliko kutoa, na si kila zahanati ina mtu aliyefunzwa kutoa. Utapewa kadi iliyoandikwa aina, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa. Nimewapokea wanawake wenye vijiti vilivyopitisha muda kwa sababu kadi ilipotea na mwaka ukasahaulika, na mmoja wao alikuwa na mimba ya wiki 9. Iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na tarehe ya kutolewa iandike pia mahali pa pili.